Kohoa Ukifika Kwenye Kona

Ukija kulala kwenye hoteli yetu, ukaamua kupanda ngazi badala ya kungoja lifti, ukikaribia kona ya ghorofa ya pili, kohoa. Usiniulize sababu kwanza. Kohoa tu, maana upande wa pili wa kona ile huenda kuna mtu anashuka na trei ya vikombe, na vikombe vikivunjika, shangazi yangu hatamlaumu mwenye trei. Atakulaumu wewe uliyepanda kimya kimya kama mwizi.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba yangu. Hotelini wanamwita Bi Funguo, kwa sababu kiunoni ana kishada cha funguo za zamani ambazo hazifungui chochote. Vitasa vyote vilibadilishwa jengo lilipogeuzwa hoteli. Siku moja nilimuuliza kwa nini anatembea na chuma kizito namna ile kisicho na kazi. Akanijibu, "Ili mnisikie nikija, muwahi kujifanya mnafanya kazi."

Alikuja kwenye jengo hili akiwa mke wa mlinzi. Mume alipofariki, mwenye jengo hakutafuta mlinzi mwingine; alimpa Shangazi funguo, naye akazipokea. Wakati huo lilikuwa jengo la kupangisha, ghorofa nne, familia kumi. Shangazi alifagia ngazi, akajaza tangi la maji, akatunza funguo za waendao kazini, akaamua ugomvi wa kamba za kuanikia nguo. Yeye mwenyewe aliishi juu ya paa, pembeni ya tangi, kwenye chumba kimoja chenye kibaraza. Anaishi hapo mpaka leo. Miaka thelathini na minne anapanda ngazi zile, na magoti yake ni mazima kuliko yangu mimi ninayekaa mapokezi kutwa nzima.

Jengo lilizeeka na wapangaji wakahama mmoja mmoja. Mwenye jengo alipofariki, likaangukia mikononi mwa mjukuu wake, mwanamke aliyesomea mambo ya kupamba majumba. Sisi tunamwita Madamu. Sitamsema vibaya hapa, hata mahali ambapo ningetaka, kwa sababu jengo alilitendea haki. Wengine wangebomoa. Yeye alipiga magoti na mafundi wakasugua vigae vya sakafu kimoja kimoja mpaka maua yake yakaonekana tena. Mbao za ngazi aliziacha zilivyo, na alama zote za miguu ya watu. Milango mirefu aliirudisha kwenye rangi yake ya kijani. Siku ya kufungua, Shangazi alizunguka vyumba vyote kumi, akashika kuta. Aliporudi mapokezi macho yalikuwa mekundu, akasingizia rangi.

Kosa la Madamu lilikuwa moja tu: alivipa vyumba majina ya vito. Yakuti, Zumaridi, Feruzi, Marijani na vingine vya namna hiyo. Kwenye karatasi yalipendeza. Kwenye kazi yalitutesa. Mimi mwenyewe wiki nzima nilichanganya Yakuti na Feruzi, nikampeleka mgeni na begi lake kwenye chumba ambamo bwana mmoja alikuwa anaoga.

Shangazi hakuhangaika na vito. Ndani ya chumba cha mashuka, ambako wageni hawafiki, kuna ubao wa kazi, na juu ya ubao ule yeye aliandika kwa chaki majina anayoyajua. Kwa Saa. Kwa Mapacha. Kwa Mwalimu. Kwa Bwana Kikohozi. Ni majina ya wapangaji wa zamani, na kila jina lilikuja na kasoro ya chumba chake. Kwa Saa aliishi fundi saa aliyetaka mwanga, kwa hiyo jua linaingia alfajiri hata ukishusha pazia. Asipewe mgeni aliyesafiri usiku. Kwa Mapacha ukuta unapitisha sauti. Asipewe mtu anayekoroma, wala bwana na bibi waliooana juzi. Kwa Mwalimu sakafu imeinama kidogo kuelekea mlangoni. Asipewe mtu wa kilevi.

Basi mgeni akifika, kabla sijampa chumba, nilikuwa napiga simu chumba cha mashuka na kumweleza Shangazi nilichokiona. "Mzee, ana fimbo, amekuja na mkewe." Naye anajibu, "Mpe kwa Mshonaji, ngazi chache, na dirisha linatazama mtaani, wazee hupenda kutazama watu." Wageni walituandikia kwamba hoteli yetu kama vile inawajua. Madamu alizisoma barua hizo kwa sauti kwenye kikao, akaishukuru rangi ya kuta.

Kulikuwa na kanuni moja ambayo Shangazi hakuivunja. Chumba hakipewi jina la mtu mpaka mtu huyo awe ameondoka. Wapangaji walipokuwa bado wanaishi, milango ilikuwa na namba tu. Fundi saa alipohama, ndipo ikawa kwa Saa. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Jengo letu lilikwenda kinyume nao. Nilipomuuliza Shangazi maana yake, alinyoosha foronya aliyokuwa anapiga pasi, akasema, "Mtu akiwepo unamwita, anaitika. Akishaondoka, chumba ndicho kinachomwitikia."

Sasa nije kwenye siku ile. Ilikuwa asubuhi, Madamu akaja mapokezi na karatasi ndefu iliyokunjwa, akaikunjua mbele yangu. Ilikuwa ramani ya paa. Pembeni ya tangi, pale penye chumba cha Shangazi, palichorwa kitanda kipana, mlango wa vioo, na kibaraza chenye viti viwili.

"Chumba cha kumi na moja," alisema. "Kitakuwa kizuri kuliko vyote. Unaonaje?"

"Na Bi Funguo?"

"Apumzike. Amefanya kazi ya watu watatu, maskini. Dada yake si ana nyumba ya chini, pana, haina ngazi hata moja? Nitahakikisha hapungukiwi na kitu. Mwisho wa mwezi fundi anaingia." Akakunja karatasi. "Lakini usimwambie. Nataka nimwambie mwenyewe, kwa njia nzuri."

Nikaitikia. Ningeweza kusema jambo, nikaitikia. Watu husema ulimi hauna mfupa; wangu wiki ile uliota mfupa mzima. Shangazi akinipigia simu kuuliza mgeni ni wa namna gani nilimjibu kwa maneno mawili mawili, na yeye akaniuliza kama tumbo linaniuma. Huyu ndiye aliyenitafutia kazi hii, aliyenifundisha kufunga tai mbele ya kioo cha lifti, na mimi nilikuwa nimekaa juu ya siri ya kumhamisha.

Katika hali hiyo ndipo nilipofanya kosa. Kila mgeni wetu anakuta mezani kadi iliyoandikwa kwa mkono: Karibu Yakuti, Karibu Marijani. Kadi naziandika mimi, kwa sababu nina mwandiko mzuri, sifa pekee ambayo walimu wangu waliikubali. Mchana mmoja aliingia mwanamke wa makamo, muuguzi, yuko likizo, begi moja dogo. Shangazi alisema apewe kwa Bwana Kikohozi. Nikachukua kalamu, akili yangu ikiwa juu ya paa, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: Karibu kwa Bwana Kikohozi.

Haikupita robo saa, muuguzi akashuka na begi lake mkononi.

"Kaka," akasema taratibu, "mimi kazini nalala na vikohozi mwaka mzima. Nimekuja hapa kupumzika. Huyo bwana mtoeni, au mimi nihamisheni."

Nilitazama kadi, nikatamani ardhi ipasuke. Hapo hapo nikasikia funguo zikilia. Shangazi alikuwa nyuma yangu na lundo la taulo. Alisoma kadi, akanitazama kwa jicho la pembeni, kisha akamshika yule mwanamke mkono na kumkalisha kwenye kochi.

"Bwana Kikohozi hayupo, mwanangu," alimwambia. "Na alipokuwepo hakuwa mgonjwa. Alikuwa na adabu. Pale kwenye kona ya ngazi wanawake tulikuwa tunaanika nguo na kuogesha watoto, tukijisahau tulivyo, khanga begani, kichwa wazi. Yeye akirudi kazini, akifika chini ya kona, anakohoa. Mara mbili. Anasimama. Tukishajisitiri tunamwambia pita baba. Miaka kumi na saba hakupita hata siku moja bila kukohoa. Siku alipohama, jioni ile kila mmoja wetu alikuwa anasikiliza ngazi."

"Na sasa?"

"Sasa ile kona bado ni kipofu. Anayepanda hamwoni anayeshuka. Ndiyo maana wafanyakazi wote hapa wanakohoa. Ukisikia usiku wa leo, usichukue dawa zako ukatoka mbio."

Muuguzi alicheka mpaka akafuta machozi. Alipanda tena na begi lake, na alipofika kwenye kona tulimsikia anakohoa, kikohozi cha mtu anayejua vikohozi. Asubuhi, wakati wa chai, alimsimulia Madamu habari yote.

Mgeni njoo mwenyeji apone, nilijiambia, maana Madamu alifurahi mno. Alipanda chumba cha mashuka, mahali ambapo sikumbuki kumwona akiingia, akausoma ubao wa kazi kama mtu anayesoma barua aliyoandikiwa. Mchana wa siku mbili mfululizo alikaa kwenye kikapu cha nguo kilichopinduliwa, na daftari, akimuuliza Shangazi habari za kila chumba. Nani aliishi, alifanya kazi gani, kasoro yake nini. Shangazi alipiga pasi na kusimulia, na hakutia chumvi zaidi ya kawaida yake. Sijapata kumwona na furaha kama ile. Mimi nikajua mambo yamekwisha. Mtu hawezi kusikia yote yale halafu akamtoa anayeyasimulia. Nikaanza kulala vizuri.

Wiki moja baadaye tuliitwa wote uani baada ya kifungua kinywa. Juu ya meza palikuwa na vibao vya shaba, vimepangwa kwenye kitambaa cheupe. Madamu aliviinua kimoja kimoja. Kwa Saa. Kwa Mapacha. Kwa Mwalimu. Kwa Bwana Kikohozi. Vito vilikuwa vimekwisha kazi. Tukapiga makofi kwa kila kimoja, na mpishi, ambaye hapendi kitu, alipiga mluzi. Shangazi alisimama nyuma kabisa, mikono ndani ya aproni, akitikisa kichwa kila jina likitajwa, kama anayewahesabu wanawe.

Kikabaki kibao kimoja, kimefungwa peke yake. Madamu alimwita Shangazi mbele. Alikuwa anatabasamu, na naapa ilikuwa kwa upendo.

"Hiki ni cha chumba chetu kipya," alisema. "Chumba cha paa. Mama, kimepewa jina lako."

Akafungua kitambaa. Kwa Bi Funguo.

Watu wawili watatu walianza kupiga makofi, wakaacha. Wafanyakazi wote waliijua kanuni. Walikuwa wamefundishwa na yeye. Shangazi alikipokea kile kibao kwa mikono miwili, akakisogeza mbali na macho ili asome vizuri, akapitisha kidole juu ya herufi.

"Kizuri," alisema. "Fundi ana mkono mzuri." Akainua macho akamtazama Madamu. "Lakini mwanangu, mimi bado nipo."

Madamu alianza kueleza. Dada yake. Nyumba ya chini. Magoti. Kupumzika. Alieleza haraka haraka, na kadiri alivyoeleza ndivyo sauti ilivyopungua. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza.

"Haya," alisema. "Jengo ni la babu yako, na sasa ni lako. Ila nikuulize kitu kimoja, kwa sababu umeandika yote kwenye daftari. Kila jina lina kasoro ya chumba chake. Kwa Bi Funguo, kasoro ni ipi?"

Shangazi alikirudisha kibao mezani taratibu, kisichubue kitambaa, akarudi kwenye pasi zake. Funguo zilisikika mpaka juu.

Siku iliyofuata, baada ya zamu, nilipanda paani. Nilimkuta amefungua sanduku juu ya kitanda anakunja nguo. Nilikaa kwenye kigoda.

"Shangazi, mimi nilijua."

"Najua ulijua. Wewe tangu mtoto ukificha jambo unajibu kama telegramu."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilingoja uniambie." Alikunja khanga, akaikunjua, akaikunja tena. "Umeniudhi, baba. Sitakuficha. Yule ni tajiri, hajui. Wewe ni damu yangu na ulijua."

Nilimwomba radhi, akasema nimkabidhi zile soksi. Baadaye akakaa kitandani, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nilimwona amechoka.

"Naogopa," alisema. "Nyumba ya dada yangu haina ngazi. Nitaamka asubuhi, nitakwenda wapi? Hapa nikifika chini najua nimefika. Kule kila mahali ni chini."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na kwa kuwa mimi ni mimi, nikakunja soksi.

Ndipo tukasikia hatua kwenye ngazi za paa. Viatu vya kisigino, vinapanda haraka, kisha vinapunguza mwendo. Vikafika chini ya kona ya mwisho, ile inayotokea kwenye kibaraza. Vikasimama.

Mtu akakohoa.

Shangazi aliinua kichwa. Mtu akakohoa tena, kikohozi cha hovyo, cha mtu ambaye hajawahi kukohoa bila ugonjwa. Mimi nikasimama nikamfungulie. Shangazi akanivuta shati nikakaa. Alichukua blauzi, akaikunja mikono, akaiweka sandukuni, akailainisha. Kule chini kikohozi cha tatu.

"Nani huyo mwenye kifua?" aliuliza.

"Ni mimi, Mama. Naomba kuingia."

"Pita, mwanangu. Vua viatu, nimepiga deki."

Madamu aliingia pekupeku, ameshika viatu mkononi, na kile kibao cha shaba kwapani. Alitazama sanduku. Alikaa sakafuni, ingawa kigoda nilimpisha.

"Nimeipata kasoro ya chumba hiki," alisema.

"Enhe."

"Mwenyewe hakuulizwa."

Shangazi alisema, "Basi uliza."

Akauliza. Aliuliza vizuri, sentensi moja, bila nyumba ya chini na bila magoti: unataka kuishi wapi? Na Shangazi akajibu kwa moja pia: hapa. Kisha, kwa kuwa hawezi kuacha jambo bila kulipigia pasi, akaongeza kwamba bomba la tangi linavuja tangu mwaka juzi, na kama fundi ameshaitwa kwa mwisho wa mwezi, basi asirudishwe bure.

Chumba cha kumi na moja hakikujengwa. Bomba lilitengenezwa. Vibao viko milangoni, na wageni wanavipiga picha zaidi kuliko wanavyopiga picha vigae. Madamu siku hizi anakohoa ngazi zote, hata mahali pasipo na kona, na hakuna anayethubutu kumwambia.

Kibao cha Bi Funguo kiko kwenye droo ya chumba cha mashuka, kimefungwa ndani ya foronya ya zamani. Shangazi alikataa kisiyeyushwe. Mara moja kwa mwezi anakitoa, anakisugua kwa ndimu na jivu, anakirudisha. Juzi nilimkuta amekishika karibu na dirisha.

"Tazama kinavyong'aa," aliniambia. "Siku mkikibandika, msinitie aibu kwa misumari iliyopinda."

"Sitakibandika mimi."

"Utakibandika wewe. Na kadi ya kwanza utaiandika wewe, kwa huo mwandiko wako. Ila siku hiyo uwe na akili kichwani." Akakifunga tena ndani ya foronya, akasukuma droo. "Sasa shuka. Nimesikia mtu anakohoa huko chini na mapokezi hakuna mtu."